Karatasi Isiyo na Mistari

6 Januari

Mdogo wangu Brashi,

Nimefika salama. Safari nzima nilikaa nimeshika koti mapajani kama mtu anayetaka kushuka njiani, na kweli nilitaka kushuka. Maabara nimeikuta kama nilivyoiacha: pampu za matangi zinanguruma, viluwiluwi wa vyura wanaogelea, na mtunza matangi amenuna kwa sababu nilichelewa siku mbili. Tangu asubuhi nazunguka chumba hiki. Kiti changu kina miguu yote minne lakini hakikaliki.

Nilikuona ulivyoangusha brashi Jumanne ile. Ukajifanya umeinama kufunga kamba ya kiatu, nawe umevaa kandambili. Sikusema kitu kwa sababu wifi alikuwa ananitolea macho ninyamaze. Sasa nasema.

Nataka uniandikie barua kila mwezi. Simu tutapigiana kama kawaida, ila kwenye simu kila nikikuuliza hali unaifunika kwa mzaha. Barua iwe ya mkono wako, kwa ile kalamu nyeusi niliyokuachia, ukurasa mzima, kwenye karatasi isiyo na mistari. Usiniulize kwa nini. Mimi ni dada yako mkubwa, nina haki ya kudeka.

La pili. Najua umejiandikisha kwenye jaribio letu la dawa katika hospitali ya huko. Nimeieleza kamati kwamba wewe ni ndugu yangu, nao wameniweka mbali na wagonjwa wa hospitali hiyo. Kwa hiyo usiniambie lolote kuhusu vidonge. Nusu yenu mnameza dawa, nusu mnameza vidonge vitupu vya sura ile ile, na hakuna anayejua nani kapata nini, si nyinyi, si madaktari wenu, si mimi. Siri hiyo itafunguliwa Oktoba.

La tatu ndilo linaloninyima raha. Chuo cha uuguzi cha hapo kwenu kimenipa nafasi ya kufundisha, nami nimewaomba wanisubiri hadi Juni. Mkono wako ukizidi kuharibika, nafunga maabara, narudi nyumbani. Nimeshaamua, tusibishane.

Dada yako


20 Januari

Dada,

Salamu zako tumezipata, na kudeka kwako pia. Karatasi ni tupu, kalamu ni ile ile. Wifi yako ameketi mbele yangu anamenya vitunguu, kwa hiyo ukiona madoa usidhani ni machozi yangu.

Unataka hali, nakupa hali. Mkono wa kulia siku hizi ukiambiwa kitu unafikiri kwanza. Nikiuambia shuka, unashuka, kisha unaongeza la kwake. Jicho la kushoto limerudi tangu ule upofu wa wiki tatu wa Novemba, ila rangi zimefifia. Nyekundu nikiitazama kwa jicho hilo peke yake ni chai ya mtu aliyeishiwa majani. Mchora mabango asiyeiona nyekundu! Nitabaki kuandika vibao vya makaburi, huko nyeusi inatosha.

Wewe ndiye uliyenifanya niuelewe ugonjwa huu. Daktari wa hapa alitumia nusu saa na maneno marefu. Wewe ulichukua waya wa pasi uliochubuka ukaniambia: umeme upo, waya upo, ganda ndilo limeliwa, kwa hiyo habari kutoka kwenye ubongo inavuja njiani. Tangu siku hiyo pasi ile siigusi.

Lakini habari ya chuo sitaki kuisikia. Miaka kumi na tisa umewatumbulia macho viluwiluwi, unawaondoa ganda la neva na kungoja walirudishe. Watu hudhani ulianza kwa ajili yangu, kumbe ulianza mimi nikiwa mzima napanda ngazi na makopo mawili mkononi. Sasa dawa imetoka kwenye tangi imeingia kwa watu, ndipo unataka uache uje unishikie kikombe? Kikombe kina mshikaji. Yuko hapa anamenya vitunguu.

Mdogo wako,
Brashi


11 Februari

Brashi,

Barua yako nimeitazama sana. Mistari yako inateremkia upande wa kulia kama watu wanaoshuka mlima, na neno la mwisho la kila mstari limebanwa kana kwamba ukuta umelisogelea.

Juni naiona mbali. Jana niliwapigia chuo kuuliza kama naweza kuanza Aprili, wakasema hata kesho. Leo mtunza matangi amenikuta napanga vitabu vyangu kwenye maboksi. Akavitoa kimoja kimoja akavirudisha rafuni. Nikavipanga tena, akavitoa tena. Tulienda hivyo mpaka saa sita mchana, watu wazima wawili.

Sina hasira nawe. Nina hasira na mkono wako. Niandikie upesi, na usiharakishe unapoandika.

Dada yako


4 Machi

Dada,

Unaona sasa? Nilikwambia mkono huu una vipindi vyake. Mwezi ule ulikuwa umenuna. Siku hizi nauegemeza kwenye ile fimbo ya kazini ninayotumia nikichora herufi ndogo, na matokeo ndiyo haya mbele ya macho yako. Hakuna mlima, hakuna anayeshuka.

Kibandani kazi zipo. Tumemaliza bango la kinyozi na la duka la dawa. Desturi yetu ni ile ile: mimi napiga mipaka ya herufi kwa penseli, wifi yako anajaza rangi ndani. Miaka kumi na minne anajaza herufi zangu, mteja hawezi kujua nimeishia wapi na yeye ameanzia wapi.

Wiki hii tulikorofishana kidogo kwa jambo ambalo halikuhusu. Mwishowe amekubali, ila shingo upande. Anakusalimu.

Waambie watu wa chuo watafute mwalimu mwingine, na vitabu vyako vibaki rafuni.

Mdogo wako,
Brashi


25 Machi

Brashi wangu,

Nilipofungua bahasha niliruka. Mtunza matangi alidhani nimepigwa na umeme wa pampu, akakimbilia swichi.

Siwezi kukueleza kwa nini barua yako imenifurahisha kiasi hiki. Siku moja nitakueleza, na utanicheka. Nimewapigia chuo nikawashukuru, nikasema siji. Kisha nikaketi kwenye kiti changu kwa saa nzima. Ni ushindi, mtu wangu, hujui tu.

Niandikie tena, ukurasa mzima. Na usiniambie lolote kuhusu vidonge, nakusihi.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Ile ya Aprili naona ilifika, maana ulinipigia simu ukiimba. Tafadhali usiimbe. Majirani zangu ni watu wazuri.

Leo nina habari. Jana tulikuwa na bango la duka la nyama, herufi nyekundu juu ya nyeupe. Nilikuwa nimekaa pembeni, wifi yako anajaza. Wadudu wakanisumbua jicho la kulia, nikalifumba. Dada, kopo lilikuwa jekundu. Kwa jicho la kushoto, lile la chai. Nikalifumba, nikalifumbua. Nikamwita wifi yako nikamuuliza kama amebadilisha kopo, akasema ni lile lile la tangu mwaka jana, na nisimcheleweshe. Nikabaki nimeliangalia kopo la rangi kama mtu aliyeona mchumba. Nikalia pale pale, mbele ya mwenye duka, akadhani sijaridhika na malipo.

Mengine ni ya kawaida. Wifi yako anaona tuache mchezo fulani tulioanza. Mimi namwambia bado kidogo.

Mdogo wako,
Brashi


2 Juni

Brashi,

Hii naiandika nikiwa nimesimama, maana kiti hakikaliki tena. Barua yako ya Mei imefika, safi kabisa, herufi zimesimama kama askari. Ahsante.

Sikiliza yaliyotokea. Wafadhili wetu walikuja Ijumaa. Wamechoka kungoja. Walisema dawa inakausha watu midomo na kuwavuruga tumbo, na hakuna dalili kwamba kuna anayepata nafuu, kwa hiyo tukusanye virago mapema kabla ya Oktoba. Walizungumza kwa upole, kama watu wanaozima redio ya mgonjwa.

Nikasimama. Sikuwa nimepangiwa kusema. Nikawaambia yuko mgonjwa mmoja ninayemfahamu, simtaji, mkono wake ulikuwa unakufa Januari, na Mei unaandika kama wa kijana. Nikasema nimeona kwa macho yangu. Mwenyekiti wa kamati alinikazia macho kwa muda mrefu. Wafadhili wakakubali kuendelea hadi Oktoba.

Kwa hiyo ni wewe, mdogo wangu. Sikupaswa kukwambia, lakini nitapasuka. Ni wewe uliyeokoa jaribio hili.

Dada yako


14 Juni

Wifi,

Huu ndio mwandiko wangu. Utazame vizuri. Kisha chukua barua ya Machi, ya Aprili na ya Mei. Zile pia nimeandika mimi.

Mdogo wako alikuwa amelala chali, mkono wake juu ya kifua, anasema, mimi naandika kwa herufi zake. Maneno yote ni yake, mwandiko tu ndio wa kuiga. Alisema itakuwa barua moja, mpaka chuo kipate mwalimu mwingine. Nilikataa siku tatu, ya nne nikakubali. Usidhani nilikubali kwa ajili yake peke yake. Mimi nataka dawa hiyo ipatikane, na wewe ndiye unayeitafuta. Nilikuficha ukweli ili nisimpoteze mume. Nakwambia ilivyo.

Lakini barua yako ya juzi nilimsomea mimi. Nilipofika pale uliposimama mbele ya watu nikashindwa kuendelea. Yeye akasema tunyamaze, mambo yamekwenda vizuri. Mimi siwezi. Mkono uliouona umerudi ni wangu, wifi, na haujawahi kuugua.

Wake haufungi kifungo cha shati. Mipaka ya herufi sasa napiga mimi. Chumbani anatembea kwa kushika ukuta.

Hajui kwamba nimekuandikia. Nitamwambia nikirudi kutoka posta.

Wifi yako


27 Juni

Wifi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaendelea kusimama. Siku ile ile nilikujibu maneno ambayo mtu hamwandikii wifi yake, nikayachana. Hii ni ya nne.

Umeniudhi kwa ukweli, sasa nami nikuudhi kwa ukweli. Mimi nilikuwa nazipima barua zenu. Kila ikifika nilikuwa natoa rula, napima urefu wa herufi, mteremko wa mistari, nafasi kati ya maneno, naweka alama kwenye mchoro niliobandika ndani ya mlango wa kabati. Ndiyo maana ya karatasi isiyo na mistari. Alama ya kwanza ilikuwa chini, tatu zilizofuata zikapaa. Mwanafunzi wangu angeniletea mchoro kama huo ningemfukuza. Hakuna neva inayopona namna hiyo, leo mbovu, kesho mpya ya dukani. Nilikuwa na macho, nikayafumba kwa sababu nilitaka iwe kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenu.

Nimeiandikia kamati kila kitu: kwamba nilichosema si kweli, na hata kingekuwa kweli sikuwa na haki ya kukisema. Waliniita. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu, ni tangu lini nazipima barua za mgonjwa wa jaribio. Nikasema tangu Januari. Kalamu alikuwa nayo mkononi lakini hakuandika. Wameniondoa kwenye jaribio. Wafadhili wameelezwa, na wamekubali kungoja Oktoba kwa kuwa imebaki miezi mitatu na vidonge vimeshalipiwa. Mimi nimebakizwa na viluwiluwi.

Mwambie mumeo kwa sasa sina la kumwambia.

Dada mtu


10 Julai

Dada

Hii naandika mwenyewe. Nimeianza Jumatatu. Leo Ijumaa.

Ulidhani sijui kwa nini unataka karatasi isiyo na mistari? Mistari ndiyo kazi yangu. Mtu akitaka karatasi tupu anataka kuona mkono unapotelea wapi. Nilijua siku ile ile. Ndiyo maana nilikupa mkono wa kupima.

Sikujua utaupeleka kwa watu. Hilo naomba unisamehe. Mengine siombi. Ungekuja. Ungefunga maabara. Ungekaa hapa unanitazama ninavyoshika kijiko, na mimi ningekuchukia.

Wifi yako usimlaumu.

Swali moja. Barua ya Mei. Uliisoma?

Brashi


3 Agosti

Mdogo wangu,

Sikuisoma.

Nimelikimbia swali lako wiki tatu. Nimesafisha matangi yote, nimepanga upya kabati, nimemgombeza mtunza matangi bila kosa, nikamwomba radhi, nikamgombeza tena. Jana nikaitoa. Nilikuwa naijua vizuri barua hiyo. Ningeweza kukwambia urefu wa kila herufi. Pembeni kuna namba zangu za penseli toka juu hadi chini, na katikati ya namba hizo umenieleza kwamba nyekundu imerudi, kwamba ulilia mbele ya mwenye duka la nyama, na mimi nikakujibu kwamba herufi zako zimesimama kama askari.

Jicho limeunganishwa na ubongo kwa neva, Brashi. Neva ile ile ya Novemba. Hiyo ndiyo habari ambayo nimeingoja miaka kumi na tisa, ukaniandikia kwa lugha nyepesi, na mimi nikaipima kwa rula. Aliyeandika alikuwa wifi lakini habari ilikuwa yako.

Nina aibu. Nasema hivyo bila kupamba.

Sasa kichwa hakitulii. Najiambia mtu mmoja si ushahidi. Najiambia hivyo nikiwa napiga mswaki. Kisha najikuta nahesabu siku za kufika Oktoba, nikitamani uwe upande wa dawa, na sina haki hata ya kutamani. Wewe utaambiwa na hospitali yako. Ukitaka kuniambia, uniambie. Usipotaka sitauliza.

Dada yako


24 Oktoba

Dada

Tumeandika nusu mimi na nusu wifi yako. Hatufichi. Hapa ni mimi.

Tuliitwa hospitali jana. Daktari alieleza kwanza ya wote. Waliomeza dawa, habari ya jicho inafika kwenye ubongo haraka kidogo kuliko zamani. Kidogo sana, alisema, lakini ni wengi na si bahati. Mikono na miguu, bado. Kazi itaendelea. Alikutaja. Alisema bila yule mama wa viluwiluwi tusingekuwa hapa. Nilitaka kusema ni dada yangu. Nikakohoa.

Mkono umechoka. Anaendelea mwenzangu.

Huyu ni mimi, wifi, kwa mwandiko wangu, na maneno ni yake. Anasema: kisha daktari akafungua bahasha yangu. Dada, mimi nilikuwa nameza vidonge vitupu. Tangu siku ya kwanza. Midomo kukauka, tumbo kuvurugika, vyote nilivipata, kwa unga tu. Nilicheka mpaka daktari akaniletea maji. Wifi yako hakucheka. Alikwenda akasimama dirishani, na mimi nikajua anafikiria barua tatu.

Nikamuuliza daktari, na nyekundu je? Akanipima jicho upya. Akasema ni kweli, limetengemaa kuliko Januari. Akasema hutokea. Nikamuuliza nani kalitengeneza. Akasema wakati mwingine ubongo hujitengeneza wenyewe, kwa nini hapa na si pale hawajui, nimuulize mtaalamu.

Basi nakuuliza. Wewe uliyekaa na viluwiluwi wanaorudisha ganda bila kuambiwa na mtu, niambie nani kapita kwenye jicho langu na brashi, na kwa nini mkono kauruka.

Amenirudishia kalamu.

Njoo. Si kwa kukaa. Rula uiache.

Brashi


5 Novemba

Brashi, na wifi,

Nimepewa ruhusa ya miezi miwili. Mtunza matangi amenisaidia kufunga boksi moja, akaangalia ndani kuhakikisha hakuna vitabu. Nafika Alhamisi.

Swali lako nimelibeba siku tatu, ndani ya maabara, barabarani, kwenye foleni ya benki. Nimesimamishwa na mwanafunzi mlangoni akitaka sahihi, nikamwuliza yeye. Na jibu langu, baada ya miaka hii yote, ni kwamba sijui. Nilipoanza, kabla hujaugua, hilo ndilo nililokuwa nauliza: kwa nini neva hii inajirudishia ganda na jirani yake hairudishi. Kisha wewe ukaugua, nikaacha kuuliza, nikawa natafuta dawa tu. Sasa umenirudisha pale pale kwa kopo la rangi.

Nikifika nitakaa pembeni ya wifi nijaze herufi. Nitakaa kwenye kiti. Nitakuangalia unavyoshika kijiko, nawe utanichukia, tutaona nani atachoka kwanza.

Barua yako sijaipima. Nimeisoma mara nne, na mstari wa mwisho, ule unaoteremka mpaka ukatoka nje ya karatasi, nimeusoma mara nyingi zaidi.

Dada yako